Mguu Wangu na Mikono ya Mama Mkwe

Juma lililopita mliniacha nimelala uani kwangu, pembe ya ng'ombe imenigandama muundini na damu inaruka mpaka ukutani. Kwa ambaye hakusoma, nimweleze upesi asije akapotea. Mimi ni Hajira, mama wa Mdoe, mke wa Kibwana, wa kijiji cha ujamaa kilicho ndani kidogo ukitokea Mkata. Mguu wangu wa kushoto ulitoka mishipa minene iliyojikunjakunja kuanzia pajani hadi kwenye kifundo, na chini yake pakatoboka kidonda kisichosikia dawa. Mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, akasema hiyo ni damu chafu. Akamwita Mzee Muhidini, mpiga chuku, anichanje kwa wembe juu ya mshipa, abandike pembe, anyonye uchafu, ateme.

Alinyonya, na akatema. Alichokitema mlikisoma, sikirudii.

Damu ilipokataa kukatika, balozi wetu wa nyumba kumi alikimbia barabarani akasimamisha lori la katani. Nikapakiwa juu ya marobota hadi Korogwe, hospitali. Leo naanzia hapo. Uliye mezani, sogeza sahani pembeni kwanza.

Daktari Habakuki alifungua matambara niliyofungwa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mama, hiki ulichopakwa ni nini?"

"Samadi ya ng'ombe, daktari. Na tumbaku."

"Tumbaku ya unga?"

"Ya kutafunwa."

"Ametafuna nani?"

"Mama mkwe."

Nesi aliyeshika bakuli alikwenda dirishani, akasimama huko akihema. Mimi mwenyewe mwenye mguu nilijitapikia kifuani. Jamani, mtu anaweza kujizoea, lakini siku ile nilijiona kwa macho ya wengine nikatamani nijivue mguu niuache hapo kitandani, niondoke.

Daktari hakunikaripia. Alivuta kigoda akakaa.

"Damu yako haikuwa chafu hata kidogo," alisema. "Ndani ya mishipa mna vilango. Damu ikipanda, vilango vinafunga isirudi. Vyako vimelegea. Damu inarudi chini, inatuama, ngozi inaoza. Kisha mtu anakuja anatoboa hapo hapo penye shinikizo. Ajabu ni kwamba uko hai."

"Sasa dawa yake?"

"Tukisafishe kidonda kwanza, kikauke. Halafu mshipa tuung'oe."

"Kuung'oa?"

"Wewe mtu wa Handeni hujui kung'oa muhogo? Tunafukua hapa kinenani, tunafukua pale kifundoni, tunavuta."

Nilicheka, kisha nikalia. Kitanda cha pili alilala Dorkasi, Msambaa wa Bumbuli, naye mguu wake umefungwa bandeji kuanzia vidoleni mpaka juu. Akanirushia kanga nifute machozi.

"Dada, usiogope," alisema. "Mimi wameshauvuta wangu. Ulikuwa mbaya kuliko huo wako, na wifi zangu walikuwa hawanywi maji niliyochota."

Basi nikalazwa, miguu ya kitanda ikawekewa matofali, mguu ukawa juu kuliko kichwa. Kila asubuhi kidonda kinaoshwa kwa maji ya chumvi, na nyama iliyooza inakatwa kwa mkasi. Ukitaka kujua harufu yake, kumbuka panya aliyefia darini wakati wa joto, halafu fikiria panya huyo ni wewe.

Kibwana alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni, mkono wa kanzu puani.

"Mama Mdoe, pole."

"Nimeshapoa. Ingia basi, mume wangu."

"Hapa hapa pananitosha." Alitazama dari, akatazama dirisha, mimi hakunitazama. "Nimekuja kusema neno moja. Mimi nimevumilia. Wenzangu kijijini wakija hawakai, wanaaga kabla ya kahawa. Kwenye shamba la ujamaa huendi, watu wanakuita kupe, na mimi nahesabiwa mume wa kupe. Mguu huo ukirudi nyumbani na harufu ile, naongeza mke. Usije ukanilaumu."

"Na nikirudi sinuki?"

Alikohoa. Dorkasi alikuwa amekaa anamkodolea macho, na nesi naye kasimama.

"Usiponuka, Wallahi, mke ni wewe peke yako mpaka nife."

"Nimesikia," alisema Dorkasi. "Na Mungu kasikia."

Kibwana aliondoka bila hata kunipa mkono. Lakini kile kiapo nilikishika. Nilikilalia, nikakiamkia. Nikawa nawaambia manesi waoshe tu, wakate tu, nami sitapiga kelele.

Kidonda kikakauka, ngozi mpya ikajivuta. Ndipo nikaingizwa chumba cha upasuaji.

Walinichoma sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikafa, lakini macho na masikio vikabaki. Nilisikia chuma kinagonga chuma. Nilisikia daktari anamwambia mwenzake, "Waya umeshapita ndani ya mshipa wote, umetoka juu, shika." Halafu nikavutwa. Sikusikia maumivu. Nilisikia mwili wangu unasogea mezani, na mlio wa kitu kinachochanika ndani, kama mtu anachana kanga kwa meno. Nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni, nikazimaliza, nikazianza upya.

Daktari akaleta bakuli usoni pangu. "Mtazame adui yako."

Mshipa ulikuwa umelala humo, mrefu, una vinundu, rangi yake haieleweki, utumbo wa kuku uliosahauliwa juani una afadhali. Yaani kitu kile nilitembea nacho! Kilikula nami, kikalala nami, kikanifukuzia mume. Nilikitazama nikasema, "Kitupeni chooni." Wote wakacheka.

Siku ya kutoka, daktari aliniketisha.

"Tembea kila siku, usilale tu kutwa. Ukikaa, mguu uinue juu ya kitu. Bandeji hii usiifungue mpaka urudi nikutoe nyuzi. Na hili ulisikie vizuri, mama. Maji ya moto, hapana. Kukandwa, hapana. Kinenani pale pana mshipa mkubwa nimeufunga. Nyuzi zikiachia kukaingia uchafu, ukirudi sitakuwa na mshipa wa kung'oa. Nitakuwa na mguu wa kukata."

"Nimeelewa, daktari."

"Nyumbani kuna mtu wa kukanda?"

Niliinama nikatafuta kandambili zangu. Maana mkandaji wa kijiji kizima ni mama mkwe wangu.

Wale mliokulia mjini huenda hamjui. Kwetu mtu aliyemwagika damu, awe amezaa, awe ameharibu mimba, awe amekatwa, lazima akandwe kwa maji ya moto. Asipokandwa, damu mbichi inabaki mwilini inamla. Bi Mwantumu amewakanda wanawake wote wa pale. Mikono yake ndiyo heshima yake. Ukipita naye njiani watu wanamwachia kivuli. Na kukataa mikono ya mkweo ni kutangaza kwamba ni mchawi, hakuna tafsiri nyingine.

Ndani ya basi niliuweka mguu juu ya gunia la makopa ya muhogo la abiria mwenzangu. Segera, Kabuku, njia nzima najinusa kwa siri. Nainamisha kichwa kana kwamba natafuta kitu nilichoangusha, navuta pumzi. Spiriti. Spiriti na bandeji mpya, basi! Niliteremka Mkata natabasamu peke yangu, watu wakanidhania nimetoka kwenye harusi.

Kumbe harusi ilikuwa mbele yangu.

Nilikuta uani kumefagiwa, wanawake wamejaa, sufuria kubwa jikoni. Msichana mwembamba alinijia amejifunga kanga yangu, ile niliyoiacha sandukuni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Hamisa. Wa Kabuku." Akainamisha uso. "Nimeletwa kumsaidia mama."

Jirani mmoja, mama Fatuma, ambaye ukimpa siri usiku inaamka mapema kuliko jogoo, akanidondolea sikioni, "Sheikh anakuja baada ya alasiri. Pole, shoga."

Niliingia ndani nimeshika ukuta. Na hapo mlangoni, jamani, ikanipiga usoni.

Ile harufu.

Nilidhani nimechanganyikiwa. Niliinamia mguu wangu, nikanusa. Spiriti. Nikainua kichwa, nikanusa nyumba. Panya wa darini! Ni ile ile, niliyolala nayo miaka, tena mbichi, tena ya leo. Na juu yake ubani, maana mama mkwe alikuwa akifukiza ubani asubuhi na jioni, akisema ni kwa ajili ya kunisitiri mimi.

Kibwana alitoka chumbani amevaa kanzu nyeupe. Alinusa mara moja tu, uso ukamkunjamana.

"Unaona?" alisema. "Unaona, Mama Mdoe? Si nilikwambia!"

"Kibwana, si mimi. Njoo unuse. Sogea!"

"Nisogee wapi? Naisikia kutoka huku!"

"Mimi nilikuwa Korogwe. Nilipokuwa Korogwe, nyumba ilikuwa hainuki?"

Akasita. "Ilinuka. Mama alisema imeingia kitandani. Tukachoma kitanda, tukachoma na godoro."

"Ikakoma?"

Akageuka akatazama chumba alikotoka.

"Nakuuliza, baba Mdoe. Mlichoma kitanda changu, mimi mwenyewe sipo, harufu ikakoma?"

Nilimwona anafungua mdomo. Niliona wazo linaanza kumwingia taratibu. Dakika moja zaidi angefika mwenyewe.

"Maneno baadaye!" Ilikuwa sauti ya Bi Mwantumu, imetoka uani kali. "Mtu amekatwa, amemwagika damu, mnamsimamisha mlangoni mnamhoji? Hamisa, leta debe! Mkwe wangu anakandwa kwanza."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikatoka, nikampigia magoti, nikasema mbele yao wote.

"Shikamoo, mama. Daktari amekataza. Amesema nikikandwa, mguu utakatwa."

Vigelegele vikakatika.

"Daktari amezaliwa na nani?" aliuliza Bi Mwantumu. "Na huyo aliyemzaa, hakukandwa?"

Wakacheka. Mama Fatuma akaongeza, "Hajira, sisi sote tumepita mikononi mwake. Wewe una damu ya dhahabu?"

"Au unamwogopa?" mwingine akasema, na pale kicheko kikaisha. Kila mtu alielewa neno lililofuata ni lipi. Nilimtazama Kibwana. Akatazama viatu vyake.

"Mama yangu anaogopwa, Hajira?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Sema, nijue."

Ningesema nini? Nikisema ndiyo, talaka iko pale pale, nimemwita mama yake mchawi mbele ya kijiji. Nikisema hapana, naingia bafuni kupoteza mguu. Nikasema hapana. Moyoni nikajiambia, tukifika huko nitamshika mikono, tupigane tukibidi.

Bafu letu ni uzio wa nyasi nyuma ya nyumba, na jiwe la kukalia katikati. Hamisa aliweka debe, mvuke umejaa, majani ya mwarobaini yanaelea. Bi Mwantumu akamfukuza. "Nenda. Mkwe wangu namkanda peke yangu."

Nikaketi, mguu nimeunyoosha. Yeye akasimama juu yangu, kata mkononi. Na humo ndani, palipozibwa na nyasi, pasipo ubani, ile harufu ikanishukia kutoka juu.

Nilinusa bandeji yangu mara ya mwisho. Kisha nikamtazama yeye.

"Mama," nikasema, "ni wewe."

"Nyamaza."

"Ni wewe unayenuka!"

Akachota maji. Nikamdaka mkono, naye akanisukuma, tukavutana pale, mimi nimekaa yeye kasimama, kata ikamwagika mchangani. Kanga yake ya chini ikanasa kidoleni mwangu, ikafunguka.

Astaghafirullah!

Nimeona mengi hospitali, na la kwangu nimelisimulia bila kuficha. Lakini hili, toba. Mguu wake wa kulia ulikuwa umezungushiwa matambara mpaka gotini, nayo yamelowa, yana rangi ya kijani. Juu ya matambara mishipa imetoka, minene kuliko iliyokuwa yangu. Nzi watatu walikuwa wameshatua. Na kwenye ukingo wa kitambaa kulikuwa na kitu cheupe kidogo, kinatembea.

Nilitapika pembeni ya jiwe. Nje wakasikia.

"Anaumwa masikini!" alisema mama Fatuma. "Kanda, bibi, kanda! Itoke yote!"

Bi Mwantumu alijifunga kanga haraka. Akachuchumaa, uso wake karibu na wangu. Sikuwahi kumwona akilia.

"Ni Muhidini," alinong'ona. "Kabla hatujahamishiwa kijijini huku. Alinipiga chuku pale pale, ikawa kidonda, hakikufunga tena."

"Ulijua!" Nami nilinong'ona, lakini nilitaka kupiga ukelele. "Pembe ile ile imekuozesha, na ukamwita aje kwangu?"

"Nilidhani kwangu alikosea mahali. Nilitaka nione kwako. Ungepona, nami ningerudia."

Nyie! Mtu anaonja mboga kwa kijiko, huyu alionja kwa mguu wangu.

"Miaka yote hii unatema mate nikipita. Unanitenga sahani. Unamwambia mwanao ninanuka."

"Ulikuwa unanuka, mwanangu. Wewe ulinuka, na harufu yako ikanisitiri." Alifuta pua kwa kiganja. "Nani atakubali kukandwa na mwenye mguu wenye funza? Mzazi gani ataniachia kichanga? Mimi sina kingine, Hajira. Nina mikono hii tu."

Hapo ndipo kinyaa kilinijaa mpaka utosini, wala si kwa sababu ya kidonda. Kidonda ni maradhi, kila mtu hupata. Ni ule ubani. Kila asubuhi mwanamke huyu alikuwa akizunguka na chetezo, anafukiza kitandani kwangu, watoto wangu wanamwona, mume wangu anamwona, wote wanasema, maskini Bi Mwantumu, anavyohangaika na mkwe wake. Nyani haoni kundule, lakini huyu aliliona lake, akalibandika kwangu.

"Nenda Korogwe," nikamwambia. "Nitakupeleka mwenyewe. Daktari ataosha, atakata, atang'oa, utapona."

"Niende, watu wajue?"

"Mficha maradhi, mama..."

"Najua linavyomalizika!" Akashika kata tena, akachota maji, safari hii mkono umetulia. "Sikiliza. Sikukandi. Maji nitayamwaga chini, hao wa nje wasikie mlio, nitoke niseme nimekukanda. Mguu wako utapona. Na wewe utasema harufu ni yako."

"Nikisema ni yangu, Kibwana anaoa leo."

"Ataoa. Utakuwa na mwenzako, lakini utakuwa na miguu miwili."

"Nikisema ni yako?"

Alimwaga kata ya kwanza mchangani, pwaa, mvuke ukatupanda usoni. Nje vigelegele. Akamwaga ya pili. Akachota ya tatu, na hii hakuimwaga. Aliinyanyua juu ya kinena changu, pale penye nyuzi, akaishikilia.

Nyayo zikaja nyuma ya nyasi. Viatu vya ngozi, vya harusi.

"Mama," Kibwana aliita. "Mmemaliza? Sheikh ameshaketi."

"Bado kidogo, mwanangu."

Hakuondoka. Nilisikia anavuta pumzi, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha anasogea hatua kando ya ukuta wa nyasi hadi upande aliosimama mama yake, akavuta tena.

"Hajira." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikula kiapo hospitali, na mwenzio yule alikisikia. Nijibu kabla sijakaa mbele ya sheikh. Harufu hii inatoka kwako?"

Nilimtazama mama mkwe. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na mkono wenye kata ulikuwa unatetemeka. Sikujua unatetemeka kwa kilio au kwa kukusudia.

"Hajira! Nakuuliza wewe!"

Tone la kwanza likaanguka kwenye bandeji. Likapenya, likanichoma. Nikafungua mdomo. Nilichojibu, mtakisoma juma lijalo.